Mwenzetu ameacha kusali: tumfanyeje?

Wamama wapendwa, juma hili hatutaandika juu ya bei ya maharagi wala juu ya minervali ya watoto. Kuna jambo limetukalia rohoni katika kundi letu kwa miezi mitatu, na tunajua makundi mengine ya Masisi na Walikale yanalo pia, hata kama hayalitaji.

Kundi letu ni MUSO kama zile mnazozijua. Tuko wamama ishirini na wanne, wenyeji na waliokimbia vita, Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista na mama mmoja Mwislamu. Tunakutana kila Jumatano saa nane katika darasa moja la shule. Tuna masanduku matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba, na la bluu kwa pesa zinazotoka nje. Kabla ya kufungua masanduku tunasali. Atakayefika baada ya sala analipa franka 500.

Mwenzetu mmoja alianza kuchelewa. Kila Jumatano alifika tulipokwisha sema amina, akafungua fundo kwenye ncha ya kikwembe chake, akatoa franka 500, akakaa. Mtunza sanduku alikuwa anamcheka, eti huyu mama ndiye anayetunenepesha. Alilipa hivyo mara nane. Mara ya tisa mvua ilikuwa kubwa, na mmoja wetu alifumbua macho katikati ya sala (hatukumwuliza kwa nini alifumbua) akamwona kupitia dirishani. Alikuwa amesimama chini ya mgomba, analowa, anatungojea tumalize.

Alipoingia, prezidanti wetu alimwuliza mbele ya wote. Akajibu bila kupandisha sauti:

"Mimi sichelewi. Ninawangoja. Siwezi kusali tena, kwa sababu naona hakuna mtu anayesikia kule juu. Na sitaki kukaa hapa nikifumba macho ili niwadanganye."

Wamama, mngeona darasa lile! Mmoja alisema arudishiwe hisa zake aende zake, pesa ya watu wanaosali isichanganyike na ya mtu wa namna hiyo. Mwingine alisema sasa tumejua kwa nini mihogo imeoza mwaka huu. Wa tatu alifungua Zaburi ile ya mpumbavu na kutaka kuisoma yote. Na siku hiyohiyo mama huyo alikuwa na ombi mbele yetu: kijana wake alivunjika mguu kwenye karieri, naye aliomba franka 40 000 kutoka sanduku jekundu. Ombi likawekwa pembeni. Hakuna aliyesema wazi kwamba ni kwa ajili ya maneno yake, lakini wote tulijua.

Wengi wetu tulidhani mtu asiyemwamini Mungu ni mzungu, tena wa mbali. Ni kweli kwamba duniani leo karibu mtu mmoja kati ya wanne anasema hana dini yoyote, na wengi wao wako China. Si wote wanaosema kwamba hakuna Mungu. Wengine hawafuati tu kanisa wala msikiti. Kwetu Afrika kusini ya Sahara mambo ni tofauti: karibu Wakristo watatu kati ya kumi wa dunia nzima wanaishi huku, wengi kuliko Ulaya. Lakini hapa jirani, Kenya, katika hesabu ya watu ya 2019, zaidi ya watu 750 000 waliandikwa kwamba hawana dini. Mwaka 2016 wasioamini wa Kenya walisajili shirika lao. Serikali ililisimamisha mwaka huohuo, kisha likarudishiwa haki yake. Mwaka 2021 katibu wa shirika hilo alijiuzulu, akisema amempata Yesu. Tunaeleza hayo yote mawili, kusudi kila upande usichukue nusu tu.

Na nchi yetu? Wamama wenye umri wanakumbuka. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo, na waliokuwa Maria na Yohana wakatafuta majina ya mababu. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali, na somo la dini likatolewa shuleni, mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama. Shule za makanisa zikachukuliwa na serikali. Kufika 1977 serikali yenyewe ilitia sahihi mapatano na makanisa ili yaziongoze tena, na ndiyo maana hadi leo shule zetu nyingi ni za kikatoliki au za kiprotestanti huku walimu wakilipwa na serikali, wanapolipwa. Mama mmoja wa kundi letu aliyesoma wakati ule anasema shuleni waliimba jina la Mobutu asubuhi, na jioni nyumbani bibi yao aliwasalisha rozari mlango ukiwa umefungwa. Imani haikufa kwa amri. Ila tukubali pia kwamba haiwezi kuzaliwa kwa amri. Katiba ya 2006 inasema Kongo ni nchi isiyo na dini ya serikali, na kila mtu ana uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Uhuru huo unamlinda pia yule mama aliyesimama chini ya mgomba.

Hata mababu walijua kumkabili Mungu. Wanyanga wa Walikale wana karisi, zile hadithi ndefu zinazoimbwa usiku kucha. Moja ni ya Mwindo, iliyoandikwa kutoka kinywa cha mwimbaji wa huku mwaka 1956 na kutolewa kitabu mwaka 1969. Mwindo anashuka kuzimu kumtafuta baba yake, na huko anashindana na miungu mmoja baada ya mwingine bila kupiga magoti. Wazee walioisikiliza walikuwa watu wa ibada, wenye kumheshimu Ongo, muumba. Hawakumfukuza mwimbaji.

Tusiende mbali sana. Baada ya mkutano ule, wawili kati yetu tulikwenda kwake jioni na chumvi na sabuni kidogo, kama mtu anavyokwenda kwa mwenzake. Tulimkuta anatwanga sombe. Tulikaa. Hatukuuliza kitu. Giza lilipoingia alianza kusema mwenyewe.

Alitoka upande wa Masisi Januari 2025, vita vilipofika Masisi-centre. Alipita Nyabiondo na Kashebere kwa miguu na watoto wanne, akaingia Walikale. Hapa alipata kipande cha shamba cha kukodi, akajiunga nasi. Kisha binti yake mdogo, wa miaka minne, akashikwa na homa. Siku ya kwanza alitaka kumpeleka kituo cha afya. Wenzake wa chumba cha maombi alipokuwa anasali, ambacho hatutakitaja wala mwenye kukiongoza, walimwambia ugonjwa huo si wa sindano, ni wa roho. Wakafunga siku tatu bila kula, naye akafunga pamoja nao, mtoto akiwa mgongoni. Siku ya tatu viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi. Alimkimbiza hospitali. Pale walimwambia ni malaria, damu imekwisha, aongezewe haraka. Mtoto alikata roho wakati damu inatafutwa.

"Hayo ningeweza kuyabeba," alisema. "Lakini kwenye matanga walikuja wakaniambia imani yangu ilikuwa ndogo."

Tulinyamaza, kwa sababu mmoja wetu wawili alikuwapo kwenye matanga yale, na alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Kuna kingine. Huku kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto. Sisi tulimjua kwa jina la yule binti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgongoni siku ya kwanza alipokuja kwenye kundi. Kwa hiyo kila Jumatano tulipomwita kwenye orodha ili alipe hisa, tuliita jina la marehemu. Naye aliitika.

Tangu usiku ule tumesoma na kuuliza sana, maana sisi tunaamini, wala hatuoni haya kusema hivyo, na tulitaka kujua tumjibu nini. Hoja yake ni ya zamani kuliko makanisa yetu: kama Mungu ni mwema, na ana nguvu zote, kwa nini haya? Huku haihitaji kitabu. Ni nani kati yetu asiyejua yaliyotokea Luvungi na vijiji vya barabara ya Kibua na Mpofi kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, ambapo Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 300 waliobakwa katika siku nne? Mtu akiuliza Mungu alikuwa wapi siku zile nne, kumwita mpumbavu si jibu. Tunajua wamama waliopoteza zaidi ya mwenzetu na ambao bado wanaamka saa kumi ya usiku kusali. Wanasema bila sala wasingeweza kusimama. Tunawasadiki. Yeye naye anasema hawezi kusimama na uongo mdomoni, na huyo pia tunamsadiki. Tofauti yao inatoka wapi, hatuwezi kueleza, na tunaomba wahubiri wetu wasiharakishe kueleza.

Katika Biblia rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini naye bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho Mungu alikasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Kwa Wakatoliki kuna pia Mama Teresa wa Kalkuta, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2016. Barua zake zilizotolewa 2007 zinaonyesha kwamba kwa miaka mingi sana aliishi bila kuhisi Mungu hata kidogo, akiona giza tu, huku akiosha wagonjwa kila siku. Yeye hakuacha kusali, hilo ni kweli. Lakini kama angekuwa katika kundi letu na kusema kwa sauti yale aliyoandika, huenda naye angetozwa franka 500.

Tuliporudi kwenye kundi, tulisimulia habari ya mtoto, kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Hapo wengine wakaanza kutoa yao. Mama mmoja alisema: "Kijana wangu wa mwaka wa sita alirudi na daftari la filozofia, akaniambia Mungu ni mawazo ya watu. Nilimpiga na mwiko wa fufu. Sasa ni mwezi, anakula, anatoka, hasemi nami." Tulicheka kwanza, kisha tukaacha kucheka.

Kijana huyo ni mwanafunzi wetu, na daftari lile limejaa maneno tuliyoandika ubaoni sisi wenyewe. Kwa hiyo tunawiwa maelezo nanyi wamama. Filozofia iko katika programu ya serikali ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na inaingia kwenye mtihani wa serikali. Pale mwanafunzi anakutana na Mjerumani Feuerbach, aliyeandika mwaka 1841 kwamba si Mungu aliyemfanya mtu kwa mfano wake, ila mtu ndiye anayemfanya Mungu kwa mfano wa tamaa zake. Anakutana pia na Marx na wengine, pamoja na wale waliowajibu. Nasi tulipokuwa ISP, mara ya kwanza kusoma maneno hayo, tulikosa usingizi juma zima, na tuliogopa kumwambia mama. Tunafundisha kwa sababu kijana atayasikia tu, kwenye telefone, au Goma, au Kampala, na ni afadhali ayasikie kwanza mahali ambapo anaweza kuuliza na kujibiwa.

Kijana wa miaka kumi na minane anajaribu maneno kama anavyojaribu viatu vya kaka yake. Vingine atavivua mwenyewe. Ukimpiga, atavivaa hata vikimwumiza, kusudi usione kwamba umeshinda. Sisi tungemwuliza: ni nini kilichokufanya ufikiri hivyo? Mara nyingi utakuta si Feuerbach. Ni rafiki aliyefukiwa na udongo Rubaya. Ni mchungaji aliyenunua pikipiki kwa sadaka za wakimbizi. Ni baba anayeongoza sala ya jioni na kumpiga mama asubuhi. Ukikuta ni hilo la mwisho, mama, kuna kazi nyingine nyumbani kabla ya katekismu. Na kama kijana anaendelea kusema haamini, bado ni mtoto wako, bado anakula kwako, na bado anapaswa kuteka maji.

Wengine kwenye kundi waliogopa: tukiruhusu haya, watoto watakuwa bila adabu, kwa kuwa asiyemwogopa Mungu haogopi kitu. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini tuangalie tunayoyaona. Wahudumu wa Médecins Sans Frontières wanaotunza watoto Masisi na Walikale hawaulizwi dini yao wanapoajiriwa. Wengine wanasali, wengine hawasali kabisa, na usiku mtoto akiwa na degedege wote wanakimbia sawasawa. Upande mwingine, Kanungu, Uganda, si mbali na mpaka wetu, mamia ya watu waliteketea Machi 17, 2000 ndani ya nyumba ya sala, wakiongozwa na watu waliosema Bikira amewatokea. Na Kenya, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, watoto wengi kati yao, baada ya waumini kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Wale wote waliamini. Chumba cha maombi cha siku tatu alimofungia mwenzetu ni mwanzo wa njia hiyohiyo, na tukisema ukweli, kwenye kundi letu kuna wamama watano waliokuwa wanasali humo. Wawili bado wanasali humo.

Kwa hiyo, kabla ya yote, tulikubaliana jambo moja lisilohitaji kura: mtoto mwenye homa anapelekwa kituo cha afya siku ileile. Akiwa na viganja au midomo iliyopauka, akikataa kunyonya, akishindwa kuamka, hakuna kungoja hata saa moja. Atakayetaka kusali asali njiani. Pesa ya pikipiki itatoka sanduku jekundu bila mkutano, na itatolewa na mama yeyote kati ya watatu walio na funguo.

Kisha tukapiga kura juu ya mwenzetu, naye alitoka nje wakati ule. Tulikuwa ishirini na watatu. Kumi na watano walisema abaki na haki zake zote. Watano walikataa. Watatu hawakuinua mkono. Sala ya kufungua inabaki, kwa kuwa wengi wetu tunaitaka, lakini adhabu itahesabiwa tangu masanduku yanapofunguliwa. Franka 40 000 za mguu wa kijana zilitolewa siku ileile, na zile 4 500 alizolipa kwa kungoja nje zikarudishwa. Tulimwuliza pia atake kuitwa nani. Alifikiri sana. Alisema tuendelee na jina lilelile, kwa sababu hakuna mahali pengine linapotajwa.

Wamama wawili waliondoka na hisa zao. Tumewatembelea, na mlango wetu uko wazi kwao, lakini hawajarudi, na mmoja hatusalimii sokoni.

Jumatano iliyofuata mwenzetu alifika mapema, saa saba na nusu. Prezidanti alipoanza sala, yeye alikaa kwenye kizingiti cha mlango, mgongo kwetu, anachambua maharagi ndani ya sahani. Mama mzee aliyeombwa kusali alisali kifupi kuliko desturi yake, wala hakutaja jina la mtu, jambo tulilomshukuru kimoyomoyo, maana tunamjua. Baada ya amina mwenzetu aliingia na sahani yake, akatazama benchi la mbele, akauliza ni nani aliyekalia mahali pake.